Uzi: Tusi lako pendwa ni lipi, na raha ya kulitamka inatoka wapi hasa?

#1 Kitambaza
Habari zenu. Nimeleta hoja, na swali linafuata.

Hoja yangu ni kwamba raha ya tusi iko mdomoni, maana inakuja baadaye. Chukueni "pumbavu". P inafunga midomo na kuifyatua, mb inaifunga tena huku pua ikivuma, kisha v inasugua meno ya juu kwenye mdomo wa chini. Silabi tatu, na midomo imeshughulika katika zote tatu. Mkazo umekaa kwenye "mba", ambapo irabu inakuruhusu kuvuta utakavyo: pumbaaavu. Linganisheni na "mjinga". Maana hazipishani sana, lakini "mjinga" linateleza tu, halina mahali pa kukanyagia. Ndiyo maana mtu akikasirika kidogo husema mjinga, akikasirika kweli anahamia pumbavu.

Swali: tusi lako pendwa ni lipi, na kwa nini? Toeni sababu, orodha tupu haitusaidii. Matusi ya nguoni yafichwe kwa nyota.

#2 FundiNyundo
Pumbavu ni zuri lakini refu. Kidole kikigongwa hakuna muda wa silabi tatu. Kura yangu ni "mbwa!" Shina lake ni silabi moja, "bwa", kwa hiyo mkazo unarudi nyuma na kuiangukia m, kama ilivyo kwa "nne" na "nchi". Hiyo m inasimama kama silabi kamili. Unaweza kuishikilia midomo imefungwa, presha ikipanda, sekunde nzima ukitaka: mmm-bwa! Linakupa muda wa kupakia kabla ya kufyatua. Anayelitamka haraka, kama anayemtaja mnyama tu, amepoteza utamu wote.

#3 BiNukta
Shenzi. Bila m.

#4 NgeliYaTano
BiNukta umegusa penyewe. Ile m ya mshenzi, mpumbavu, mjinga ni kiambishi cha ngeli ya watu. Kukiondoa ni kumvua mtu utu wake kisarufi kabla hata hujafika kwenye maana ya neno. Na kuna ngazi za kupanda.

Kwanza unaondoa m: shenzi, pumbavu, jinga. Pili unampeleka kwenye ngeli ya ji-/ma-: mtu anakuwa jitu, mwizi anakuwa jizi, wezi wanakuwa majizi. Tatu, na hapa ndipo wengi huharibu, unabadilisha upatanisho wa sentensi nzima: "Jitu hilo limerudi." Ukisema "jitu huyo amerudi" kazi yote imekwenda bure, kwa sababu ile a- ya "amerudi" imemrudishia utu uliomvua. Ngazi ya nne ni ya mafundi. Jina linaachwa kabisa: mtu anatokea mlangoni, unasema "limekuja". Neno moja, halina uchafu wowote, na kila aliyepo ameelewa.

#5 Kitambaza
#4 hapo umeitikisa hoja yangu, maana "limekuja" linaanza kwa sauti laini, si ya kupasua. L ni miongoni mwa sauti laini, na bado linachoma.

#6 Kijungu
Naongezea kwa NgeliYaTano: ki- nayo inafanya kazi hiyo, kwa upande wa pili. "Limekuja" ni la mtu unayemwona mzigo. "Kimekuja" ni la mtu unayetaka aonekane si chochote. Lakini angalia, ji- inaweza kusifu pia. "Jibaba" linaweza kuwa sifa ya mwili, na "jumba" ni nyumba ya kutamaniwa. Umbo ni lilelile, toni na uso wa msemaji ndivyo vinavyoamua. Ukiandika bila sauti, kama tunavyofanya hapa, li- linabaki tusi kwa uhakika zaidi kuliko ji-.

#7 MajiBaridi
Mnazungumzia sauti na sarufi, ilhali sababu kubwa imeshapimwa maabara: tusi hupunguza maumivu. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwatia watu mkono kwenye maji ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kila mmoja aliulizwa kwanza ataje maneno 5 ambayo angeyasema akijigonga kidole gumba kwa nyundo, na mengine 5 ya kuelezea meza. Mkono mara moja uliingizwa huku mtu akirudia tusi lake, mara nyingine akirudia neno la meza. Waliotukana walivumilia zaidi, wakasema maumivu yalikuwa madogo, na mapigo ya moyo yalipanda. Utafiti huo ulipata tuzo ya Ig Nobel (ile ya tafiti za kuchekesha) ya amani mwaka 2010.

Kwa hiyo raha ni nafuu. Mwili unalipokea tusi kama tahadhari, unaamka, unaacha kusikiliza kidole.

#8 FundiNyundo
#7 asante, na mfano wa nyundo umenipendeza. Je, mtu anaweza kujipima nyumbani?

#9 MajiBaridi
Anaweza. Anayeugua moyo, mwenye shinikizo la damu, au ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi, asijaribu. Wengine:

Andaa beseni mbili. Moja iwe ya maji ya kawaida, nyuzi 25 hivi, nyingine ya maji na barafu hadi kipimajoto kisome 5. Mkono unaanza kwenye beseni ya kawaida kwa dakika 3 ili wote waanze na joto moja. Kisha unaingia kwenye baridi hadi kifundo, vidole vimekunjuliwa, saa inaanza. Sema neno lako kila sekunde 3, kwa sauti ya mazungumzo, bila kupiga kelele. Ukishindwa toa mkono, andika sekunde. Kikomo ni dakika 5, hata kama bado unaweza. Rudisha mkono kwenye maji ya kawaida, pumzika, kisha rudia kwa neno la meza.

Yanayoharibu kipimo ni matatu. Maji yaliyougusa mkono hupata joto na kuufunika kama glavu, kwa hiyo koroga polepole muda wote. Mkono ukiingia mara ya pili huwa umeshazoea, kwa hiyo nusu ya watu waanze na tusi na nusu waanze na meza. La tatu ni kuchagua tusi la kuonyesha wenzako badala ya lile linalokutoka mwenyewe. Hilo halifanyi kazi.

#10 Kitambaza
Kila sekunde 3? Kwa nini lisisemwe mfululizo?

#11 MajiBaridi
Ukisema mfululizo unabadilisha pumzi, na kupumua kwa kasi peke yake kunagusa maumivu. Mwendo ukiwa mmoja kwa tusi na kwa meza, unachopima ni neno.

#12 DaktariWaZamu
Naomba kusahihisha kipande kimoja cha #7. Habari ya moyo na "mwili kuamka" haijasimama vizuri. Mwaka 2018 Stephens na wenzake walipima nguvu: baiskeli ya kukanyaga kwa nguvu zote kwa sekunde 30, na kifaa cha kukaza kiganja. Waliotukana walitoa nguvu zaidi kwenye vyote viwili. Lakini mapigo ya moyo hayakupishana na ya wale waliosema neno la kawaida. Kwa hiyo nguvu ilipanda bila ile injini tuliyodhani inaiendesha. Sasa wanaangalia zaidi upande wa kujiachia: anayetukana amelegeza breki anazojiwekea siku nzima, na zikilegea katika maneno zinalegea na kwenye misuli.

La pili, kwa wenye midomo mirefu humu: utafiti wa 2011 ulionyesha kuwa wanaotukana sana kila siku hupata nafuu ndogo zaidi. Neno likizoeleka, dawa inaisha nguvu.

#13 BiNukta
Ndiyo sababu nasema shenzi moja tu.

#14 Kijungu
#12 naomba uendelee. Kama ni kujiachia, basi neno lolote la ajabu lingefaa, hata la kubuni.

#15 DaktariWaZamu
Lilijaribiwa. Mwaka 2020 walibuni matusi mawili ya uongo, "fouch" na "twizpipe". Moja lilitengenezwa ligonge kihisia, jingine lichekeshe. Watu walikiri kweli yanagonga na yanachekesha, lakini mkono kwenye maji ya barafu haukupata nafuu. Tusi halisi la Kiingereza liliongeza uvumilivu kwa takriban 33%. Hapo Kitambaza ana kazi ya kujieleza, kwa sababu "fouch" lina sauti za kukwaruza kama zile anazozisifu.

#16 Kitambaza
Najieleza. Sijasema sauti inatosha peke yake. Nasema matusi yanayodumu ni yale yenye sauti inayofaa, kama vile nyundo inayodumu ni yenye mpini unaokaa mkononi. Na hilo nalo lina ushahidi. Mwaka 2022 Shiri Lev-Ari na Ryan McKay walichambua matusi ya lugha tano zilizo mbalimbali: Kiebrania, Kihindi, Kihungari, Kikorea na Kirusi. Waliona kuwa sauti laini, l, r, w na y, zina uhaba kwenye matusi. Kisha wakawasikilizisha watu maneno ya kubuni, wakawauliza lipi ni tusi. Wengi walichagua lile lisilo na sauti hizo. Hata maneno ya kupooza tusi hufuata mkondo huo: Kiingereza kinaigeuza "damn" kuwa "darn", kinaingiza r kuilainisha.

#17 NgeliYaTano
Sasa kiweke Kiswahili kwenye mzani huo, Kitambaza. Hayawani: h, y, w, n. Baradhuli: ina r na l. Malaya: l na y. Fala: l. Mwanaharamu: w na r. Mbwa wa FundiNyundo mwenyewe ana w. Unabaki na pumbavu na shenzi.

#18 Kitambaza
Na yale ya nguoni, mengi mazito hayana hata moja ya hizo sauti. K*, m*, mavi. Hesabu.

#19 Fonimu
Mnagombana kwa vipimo visivyo sawa. Kwanza, r ya Kiswahili ni kimadende, ncha ya ulimi inagonga ufizi. R ya Kiingereza haigongi kitu. Kuziweka kapu moja ni kosa. Pili, w na y kwa Kiswahili ni vibarua wa sarufi: wa, ya, wangu, yako, yule, wewe. Ziko kila mahali. Ukitaka kupima, lazima uondoe viambishi na vimilikishi vyote ubaki na mashina, na ulinganishe na mashina ya kawaida ya lugha hiyohiyo. Tatu, hayawani ni neno la Kiarabu lenye maana ya mnyama tu. Liliingia na sauti zake, likawa tusi baadaye kwa kumwita mtu mnyama. Halikuchaguliwa kwa mlio.

Na kwa anayedhani kimadende ni sauti laini, Wafini wana "perkele". Inadhaniwa lilikuwa jina la mungu wa kale wa radi, ambalo baadaye likawa la shetani. Utamu wake wote uko kwenye r inayovutwa: perrrkele. Sauti ambayo kwa nadharia ya #16 ingelipooza ndiyo inayolipandisha.

#20 FundiNyundo
Nimelijaribu hilo neno kwa sauti. Fonimu yuko sahihi kabisa.

#21 MwanaWaPili
Salaam. Nadhani mnapita pembeni ya jambo lenyewe, ambalo ni utoto. Tusi lina nguvu kwa sababu ulikatazwa ukiwa mdogo, na katazo lilikuja na adhabu, au angalau na uso wa mama uliobadilika ghafla. Mwili umehifadhi kile kishindo. Ukubwani unapolitamka bila kuadhibiwa, kishindo kinarudi bila maumivu yake, na hiyo ndiyo raha. "Fouch" halikufua dafu kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kukemewa kwa kusema fouch.

Ushahidi uko kwa wenye lugha mbili. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake waliwapima jasho la ngozi watu waliokulia Kituruki na kujifunza Kiingereza baadaye. Matusi yaliwagusa kwa lugha zote mbili, lakini makaripio ya utotoni, yale ya "aibu yako!", yaliishtua ngozi kwa Kituruki zaidi sana kuliko kwa Kiingereza. Jean-Marc Dewaele naye aliuliza watu zaidi ya 1,000 wenye lugha nyingi: wengi walisema tusi la lugha ya kwanza ndilo zito kuliko yote.

Ndiyo maana wengi wetu tukiwa mbele ya watu tunatukana kwa Kiingereza. Hatuoni uzito wake. Mtu mzima anayelishusha neno la Kiingereza mezani bila kupepesa, mwambie aseme tafsiri yake kamili kwa lugha ya mama yake. Hatamaliza.

#22 Kijungu
#21 hii ni kweli tupu. Na ni hatari pia: asiyeonja uzito wa neno la kigeni hulitupa mahali ambapo wenyeji wa lugha hiyo wangelikwepa. Mwenye lugha anashtuka, msemaji haelewi kosa lake.

#23 Lahaula
Samahani, naomba nirudi kwenye swali la mleta mada, kwa sababu kuna kitu Kiswahili kinakosa na hakijasemwa. Matusi yetu karibu yote yana mlengwa. Yana "wewe" au "-ko" ndani yake. Kiingereza kina neno la kutupa hewani mtu akijigonga, haliendi kwa yeyote. Sisi kidole kikigongwa tunasema mamaa, yarabi, salaale, lahaula, na hayo si matusi. Lahaula ni dua, mwanzo wa ile ya Kiarabu isemayo hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Tukitukana kweli, tunaitukana nyundo: "shenzi we!" Tunaigeuza mtu kwanza ndipo tuitukane.

Kwa hiyo ule utafiti wa maji baridi ukifanywa kwa Kiswahili, neno liwe lipi? "Mbwa" anaambiwa nani? Beseni?

#24 FundiNyundo
Beseni, ndiyo. Angalia tu mpangilio. "We mbwa" ni kuita, anaweza hata kugeuka akakujibu. "Mbwa we!" ni hukumu. Nomino ikitangulia, "we" inaishia kushuka kama kofi. Kwa vitu visivyo na masikio ni "mbwa we" tu.

#25 NgeliYaTano
#23 umefungua mlango wa kitu ninachokipenda kuliko vyote: "nyoko". Lichambueni. Ny- ni mabaki ya neno la kale la mama, -ko ni "yako", kama katika babako na mwenzako. Maana yake ni mama yako, basi. Hakuna kiungo cha mwili, hakuna uchafu, hakuna kitenzi. Hata "mama yako!" ikikatwa hapo inafanya kazi ileile. Kinachotukana ni nomino iliyoachwa mbele yake, na msikilizaji anaijaza mwenyewe. Amefanyishwa kazi ya kujitukana. Nadharia ya sauti haiwezi kulieleza, kwa sababu kitu kinachouma hakikutamkwa kabisa.

#26 MwanaWaPili
Na ndiyo maana mtoto akilisema bila kulielewa, anakemewa kama aliyelielewa.

#27 Msimamizi
Nawakumbusha: #18 na wengine, nyota ziendelee. Nimeona mmoja anaandika matusi mazito kwa kuruka herufi ya mwisho tu, hiyo si kuficha.

#28 DaktariWaZamu
Msimamizi, kwa heshima, nyota zinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011 Jeffrey Bowers na Christopher Pleydell-Pearce waliwapima watu jasho la ngozi wakisoma kwa sauti matusi, kisha maneno ya kuyazunguka yenye maana ileile. Maana haikubadilika, lakini ngozi ilishtuka zaidi kwa tusi lenyewe. Umbo la neno limefungwa kwenye hisia moja kwa moja. Kwa hiyo atakayesema "mbona wote tunajua ni neno gani" hajagusa jambo: kujua hakushtui kama kutamka.

Hapo Kitambaza anapata nusu ya ushindi. Umbo lina kazi. MwanaWaPili anapata nusu nyingine, kwa sababu umbo hilo lilifungwa na kukemewa.

#29 Tambo
Mimi nina fikra tofauti. Wanaotukana sana ni watu wasio na msamiati. Wangekuwa na maneno wasingehitaji raha hiyo.

#30 Fonimu
Hilo lilipimwa likaanguka. Kristin Jay na Timothy Jay, mwaka 2015, waliwapa watu dakika moja wataje matusi mengi wawezavyo, kisha dakika nyingine wanyama, na maneno yanayoanza kwa herufi fulani. Waliotaja matusi mengi ndio waliotaja na mengine mengi. Mwenye ghala kubwa ana kila kitu ndani, na matusi yamo.

Na kuhusu wingi, rekodi za mazungumzo ya wasemaji wa Kiingereza zilionyesha matusi ni takriban 0.5% hadi 0.7% ya maneno ya siku. Mtu asemaye maneno 16,000 kwa siku anafika 80 kwa kipimo cha chini. Si uhaba wa maneno huo.

#31 Tambo
Sawa, kwa utafiti huo najisahihisha. Lakini kutaja matusi mengi si kutukana mara nyingi. Tofautisheni.

#32 Fonimu
Hoja nzuri. Ni kweli walipima kutaja.

#33 Kasukumwekundu
Mmemsahau msikilizaji. Mwaka 2020 hifadhi ya Lincolnshire, Uingereza, ilipokea kasuku wa kijivu 5 kwa wakati mmoja wakawekwa pamoja. Wote walikuja na matusi kutoka kwa waliowafuga. Mmoja alitukana, mwingine akacheka kicheko cha binadamu, yule akarudia, na wote wakashika kasi. Iliwalazimu kuwatenganisha, watoto wasije wakasikia. Kasuku hana kidole kilichogongwa, hana mama aliyemkemea, hajui maana. Alichonacho ni kicheko kinachofuata. Basi tusi lina utamu kwa sababu lina malipo ya papo hapo kutoka kwa aliyepo. Hakuna neno jingine unaloweza kusema na ukapata macho ya watu wote kwa sekunde moja.

#34 MwanaWaPili
Lakini mtu hutukana akiwa peke yake, taa imezimika, ameparamia kona ya kitanda. Nani anamlipa?

#35 Kasukumwekundu
Mazoea ya malipo ya zamani.

#36 DaktariWaZamu
#34 ana hoja nzito zaidi kuliko anavyofikiri. Mwaka 1861 Paul Broca, huko Paris, alimpokea mgonjwa Leborgne aliyeweza kusema silabi moja tu, "tan". Alipokasirika kwa kutoeleweka, alitoa pia kiapo kizima cha Kifaransa, "sacré nom de Dieu" (jina takatifu la Mungu), bila kigugumizi. Wagonjwa wengi walioumia upande wa kushoto wa ubongo hupoteza sentensi na kubaki na matusi, kuhesabu na dua. Hayo ni maneno yaliyokwisha kufungwa kama kifurushi, hayajengwi upya kila mara. Tusi kwa sehemu ni kilio, linatoka hata kama hakuna wa kulisikia.

#37 Tambo
Na wale wenye Tourette, ile hali ya mwili kushtuka na kutoa sauti bila hiari? Wote hutukana ovyo.

#38 DaktariWaZamu
Si wote. Ni kama 10% hadi 15%. Wengi wana kupepesa macho, kukohoa, kurusha bega. Ila kuna jambo: viziwi wenye hali hiyo wameonekana wakitukana kwa ishara za mikono. Kitambaza, mikono haina v wala p.

#39 Kitambaza
Mikono ina mpigo wake, ina kasi, ina kusimama ghafla. Sijashindwa bado.

#40 Lahaula
Mimi kinachonivutia ni kwamba kila lugha inachimba kwenye shimo lake. Wakanada wa Quebec hutukana kwa vitu vya altare: tabarnak ni tabenakulo, câlice ni kikombe cha misa, hostie ni hostia. Waholanzi hutukana kwa magonjwa, humwombea mtu taifodi, kifua kikuu, saratani. Wajerumani hukaa zaidi chooni. Kiswahili kiko kwa mama na kwa wanyama. Lahaula yetu ina Mungu ndani na haikuwa tusi. "Sacré nom de Dieu" ina Mungu ndani na ikawa tusi. Kwa nini? Nadhani kwa sababu kwetu jina la Mungu kutajwa mara kwa mara ni ucha Mungu, kwao kutajwa bure ni amri iliyovunjwa. Bila katazo, hakuna tusi.

#41 NgeliYaTano
Na katazo likihama, tusi nalo linahama. Washenzi zamani lilikuwa neno la kutenga watu, waungwana upande huu, washenzi upande ule. Leo mtu anamwambia mwanawe "shenzi" akimwaga maji. Kilichokuwa cheo kimekuwa kelele. Sina amani kabisa na hilo, BiNukta, nakwambia kwa upendo.

#42 BiNukta
Nimekusoma. Naliacha kwa watu, nabaki nalo kwa nyundo na milango.

#43 Tambo
Jambo moja linanisumbua kwenye uzi mzima. Mnasema tusi linatuliza. Brad Bushman, 2002, aliwakasirisha watu, kisha wengine wakapiga gunia la ngumi wakimfikiria aliyewaudhi. Hao ndio waliobaki na hasira zaidi, kuliko waliokaa kimya. Tusi kwa kidole kilichogongwa ni dawa, sawa. Tusi kwa mtu ni kuni. Msichanganye.

#44 MajiBaridi
#43 sipingi. Maji baridi hayakuudhi mtu.

#45 Kijungu
Na mbona hakuna aliyeutaja msonyo? Hauna neno, hauna ngeli, hauna nyota. Ulimi unabanwa nyuma ya meno, midomo inafunguka kidogo upande, hewa inavutwa ndani badala ya kutoka. Urefu ndio uzito: nusu sekunde ni kero, sekunde 2 ni dharau. Na haunukuliki. Ukishtakiwa, umesema nini? Hujasema kitu.

#46 Fonimu
Na ni sauti ya kuvuta, wakati matusi yote ya #1 ni ya kusukuma. Kitambaza, hiyo nayo iingize kwenye hoja yako.

#47 Kitambaza
Nitauingiza kama MajiBaridi atakubali upimwe kwenye beseni. Msonyo upande mmoja, mluzi mfupi upande mwingine kama neno la meza.

#48 MajiBaridi
Unapimika, ila kila sekunde 3 kwa dakika 5 ni misonyo 100, na mate yatakauka kabla mkono haujaganda. Weka kikomo cha dakika 2, misonyo 40, maji ya kunywa pembeni. Mluzi uwe wa kuvuta ndani pia, la sivyo pumzi zinapishana na kipimo kimeharibika.